Mlima Kumgang na Sauti Nilizozifuta

Siku ile naikumbuka, mwanangu. Ilikuwa wakati wa chakula kiwandani Jeffersontown, hapa Louisville, mimi mtu mwenye haraka ya kila kitu. Mzee Pak, Mkorea niliyefunga naye maboksi, alikunjua karatasi kuukuu. Mama yake alikuwa amemchorea Mlima Kumgang: maporomoko ya Kuryong, hekalu, maji moto ya Onjong, na kijiji walichokimbia vitani, yeye akiwa mgongoni. Mlima huo uko Korea ya Kaskazini, na mpaka umefungwa. Aliniambia kila sikukuu yao ya mavuno anapanga chakula, anageukia upande wa mlima, anawainamia wazee wake waliozikwa kule.

Bon, nikacheka. Nikamwambia Mzee Pak kwamba baba yangu naye, kule Buffalo, ananichosha vivyo hivyo. Kila Jumapili ananirekodia sauti ndefu kwenye WhatsApp, kilima kwa kilima, mto kwa mto, njia ya kufika alipomzika mama yangu katika milima ya Kivu Kusini. Hatukuweka msalaba, tulikuwa tunakimbia, nami nilikuwa mtoto, njia sikuishika. Sikuzisikiliza. Simu ilipojaa nilizifuta zote nipate nafasi ya video za harusi, na hata hilo nilimsimulia Mzee Pak kwa kicheko.

Yeye hakucheka. Alikunja karatasi yake, akasema, "Mimi mlango nilifungiwa na vita. Wewe umeufunga kwa mkono wako. Mpigie baba yako leo."

Sikupiga. Asiyesikia la mkuu, mwisho wake unaujua. Nilikuwa na ovataimu, nikasema wikendi. Kabla ya wikendi baba akapatwa na kiharusi. Nilipanda basi mpaka Buffalo, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba anitajie hata kilima kimoja. Alinitazama, machozi yakamtoka, ulimi haukunyanyuka. Tulimzika huko huko, kwenye theluji. Waliokuwa wanaijua njia ile wameuawa au wametawanyika. Mama yangu amelala wapi? Sijui, na sitajua kamwe. Hilo linanila mpaka leo, wala sina dawa yake.

Donc, wewe uko Reynoldsburg, nikikupigia unanijibu kwa Kiingereza, eti uko bize. Nisikilize mara hii tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Muulize mzazi angali na sauti, na akisema, kaa chini uandike. Usimwekee wikendi. Mimi sina kilima cha kukurithisha, nina aibu tu. Mungu akupe masikio kabla hajakupa majuto, na siku yako ikifika, watoto wako wajue ulipolazwa. Amina.