Fundi Wembe na Tairi Lisilo na Tyubu

Mtu akiitwa Wembe, wageni hudhani ni mkali, au kwamba ujanani kuna mambo aliyafanya. Huyu wetu hakuwa na lolote la hivyo. Alikuwa fundi baiskeli wa miaka hamsini na minane, mpole mpaka anachosha, na jina alilipata kwa sababu hakuna kazi iliyotoka mikononi mwake bila kupitishwa wembe mwishoni. Kiraka cha tyubu alikizungushia wembe mpaka kingo zikawa laini kabisa. Mpira wa breki ukichomoza kidogo, anaupunguza. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anatengeneza baiskeli kana kwamba zinakwenda kuolewa. Yeye alikuwa hasikii. Kazi yenye masalia yanayoning'inia, kwake, ilikuwa haijaisha, na mteja mwenye haraka aliambiwa akae kwenye benchi atulie.

Banda lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kwenye baraza aliyogawana na fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye mdomo usio na likizo. Miaka kumi na minne walikaa hapo wakigombana kila siku kuhusu nani kachafua baraza, na siku mmoja asipokuja, mwenzake hana raha.

Kisa chenyewe kilianzia kwa binti yake wa pekee, ambaye alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba kwa baiskeli, kuinama kwenye visanduku vya mita, na kuandika tarakimu kwenye daftari. Mitaa aliyopangiwa ilikuwa na nyua za miiba, na watu wakishapunguza matawi huyatupa njiani bila kujali nani anapita. Wiki moja alipata pancha tatu, na siku mbili alichelewa kurudisha daftari ofisini. Msimamizi akampa barua ya onyo. Ya pili ingekuwa ya kumwambia abaki nyumbani.

Ndipo akamwambia baba yake amwekee tyubulesi, matairi yasiyo na tyubu ndani, maana ameyaona kwa vijana wa mashindano na hayajui pancha. Wembe aligoma wiki nzima. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuona hewa inayokaa bila nyumba. Halafu magurudumu ya baiskeli ile yalikuwa ya kawaida tu, rimu imejaa matundu ya spoki, hewa itatokea kila mahali. Lakini barua ya onyo ilikuwa imekunjwa juu ya kabati la vyombo, na kila alipochukua kikombe aliiona. Mwishowe akakubali. Binti akamwonyesha kwenye simu jinsi wenzao wanavyofanya, naye akatazama mara tatu, simu ameishika karibu na pua.

Jumapili mchana akaifanya. Alichukua tyubu mbili za baiskeli ya mtoto, ndogo kuliko rimu, akazipasua kuzunguka upande wa nje mpaka kila moja ikawa mkanda mpana. Akauvuta mkanda juu ya rimu, valvu ikachomoza mahali pake, matundu yote ya spoki yakafunikwa. Juu yake akavisha tairi, kingo za mpira zikaning'inia nje kila upande. Akamimina ndani maji mazito meupe ya kuziba, ambayo mafundi huyaita maziwa: mwiba ukitoboa, maziwa hukimbilia kwenye tundu na kuganda. Akapaka povu la sabuni, akafungulia kompresa. Tairi likagoma mara mbili. Mara ya tatu likaruka mahali pake kwa mlio mkavu, pa, kisha pa ya pili, na mama wa cherehani, aliyekuwa na oda ya sare za shule na hivyo hana Jumapili, akaruka pamoja nalo. Alimwomba jirani yake siku nyingine atangaze vita mapema.

Ikabaki kupunguza masalia. Mtu mwingine angeacha mpira upana wa kidole uning'inie, na hata kwenye simu walisema uachwe. Wembe hakuweza. Aliuvuta kwa mkono mmoja, akapitisha wembe kwa mwingine, kuzunguka gurudumu la mbele, kuzunguka la nyuma, karibu kabisa na tairi, mpaka usingejua kwamba kuna kitu kimeongezwa. Alirudi nyuma hatua mbili akayatazama magurudumu yake, akaridhika.

Asubuhi ya Jumatatu binti alipakia daftari na tochi, baba mtu akasimama mlangoni akiyasifia matairi hadi akaishiwa maneno. Wiki hiyo binti alipangiwa mitaa ya juu, kule kwenye tangi kubwa. Kupanda huko ni jasho tu, hakuna la kuogopa. Kushuka ndiko kwenye maneno: mteremko wa karibu kilomita mbili, malori yanapanda upande wa pili, na katikati kuna kona inayopita juu ya mtaro wa zege wenye kina cha watu wawili. Angeanza kushuka kama saa sita, ili daftari lifike ofisini kabla ya saa saba.

Saa tano Wembe alikuwa anafagia. Masalia ya mpira ya jana yalikuwa bado chini ya benchi, vipande vyeusi vyembamba. Alipoviokota avitupe, kidole chake cha gumba kikagusa kitu kigumu kwenye ukingo wa kimoja. Akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ngozi nyembamba ya mpira, urefu wa pingili ya kidole, ilikuwa imegandia kwenye kile kipande kwa maziwa yaliyokauka, na ndani yake kulikuwa na nyuzi tatu nyeupe.

Tyubu haina nyuzi. Kila fundi analijua hilo. Nyuzi ziko kwenye tairi, ndizo zinazolishikilia lisipasuke. Alikuwa amekata tairi ubavuni, mahali ambapo maziwa hayasaidii kitu, kwa sababu mkato ukishafika kwenye nyuzi hautafuti kuzibwa, unatafuta kufunguka. Na hakujua ni tairi gani. Likiwa la nyuma, baiskeli itayumba na pengine ataishika. Likiwa la mbele, kwenye kona ile, hakuna cha kushika.

Sababu aliijua pia. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu tangu mwaka uliopita. Hakumwambia mtu. Alijifunza kufanya kazi kwa vidole, akasingizia taa, akasingizia vumbi, akasingizia mawingu siku ambazo hayakuwepo. Aliogopa. Fundi asiyeona ni nani? Nani atampelekea baiskeli yake? Alijiambia kwamba madhara ni yake peke yake, na sasa nyuzi tatu zilikuwa mkononi mwake zikimwambia vingine.

Alimpigia binti simu. Imezimwa. Akapiga tena, akapiga tena. Mama wa cherehani alisimamisha mashine, akamtazama. Wembe alimwomba aendelee kuipiga ile namba, asiache. Kisha akachomoa baiskeli ya kwanza aliyoiona, ya mwalimu wa hesabu iliyoletwa kutengenezwa, yenye kiti cha mtoto mbele, akaondoka nayo na aproni yake bado imefungwa kiunoni.

Njia ya kupanda aliijua, ila siku hiyo ilikuwa imerefuka. Pumzi ilimwishia kwenye mzunguko wa kwanza, akashuka akawa anakimbia huku anaisukuma baiskeli. Kila lori lililoshuka alimtazama dereva usoni, kuona kama ana sura ya mtu aliyeona kitu. Bomba la moshi la pikipiki likapiga kishindo nyuma yake, akadhani ni tairi limepasuka, akageuka kutazama kabla ya kuendelea. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamwaga maji getini alimwambia msoma mita alipita kwake mapema, mzima kabisa. Wembe alimshukuru, lakini mapema si sasa.

Aliiona kona kwa mbali, na kwenye kona aliona watu. Walikuwa kama sita, wamesimama ukingoni mwa mtaro, wanatazama chini. Hakumbuki alivyofika pale. Aliiangusha baiskeli ya mwalimu katikati ya barabara, akapenya, akatazama. Chini walikuwa mafundi bomba wawili wanavuta koleo kwenye matope, na hao wa juu walikuwa wanawaangalia tu, kama kawaida ya watu mtu mwingine akifanya kazi. Mmoja akamwuliza mzee amepotelewa na nini. Wembe alitikisa kichwa. Akarudi kuiburuta baiskeli ya mwalimu pembeni.

Ndipo akainua uso akamwona binti yake anashuka.

Alikuwa anakuja kwa kasi, mkoba umejaa upepo mgongoni, lori linapanda upande wa pili. Wembe akaingia barabarani akanyoosha mikono yote miwili. Binti akafunga breki zote, gurudumu la nyuma likaburuza, likachora mstari mweusi kwenye lami, likasimama hatua nne kutoka kwake.

"Baba," alisema akiwa hana pumzi. "Nani kafariki?"

Baba alikuwa ameshapiga magoti barabarani. Alipapasa tairi la mbele kuzunguka lote, kwa vidole vya mikono miwili. Zima. Akahamia la nyuma, na vidole vyake vikakutana na valvu. Ile aliyoiweka yeye ilikuwa imevaa mpira mweusi tu. Hii ilikuwa na nati. Akaminya tairi, akasikiliza, akaminya tena. Ndani kulikuwa na tyubu. Ubavuni, chini ya kidole chake cha gumba, palikuwa na uvimbe mdogo wa kiraka kilichowekwa kwa ndani. Mkono wa fundi mwingine ulikuwa umepita hapo.

"Nani kagusa hili gurudumu?"

Binti alimvuta pembeni kwanza, lori lipite. Alisema ni fundi wa kule kwenye tangi. Asubuhi, kabla hata hajatoka mtaani kwao, alikuwa ameona maziwa yanatoka ubavuni mwa tairi, kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mwiba hauchori mstari ulionyooka. Hakuipanda tena. Aliisukuma kwa miguu hadi juu, akamsubiri yule fundi afungue, wakaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani na tyubu juu yake. Ilimpotezea saa nzima, ndiyo maana alikuwa anashuka mbio. Na simu aliizima kwa makusudi. Alijua baba atapiga kuuliza matairi yanakwendaje, na yeye kudanganya hajui.

Wembe alijikuta ana hasira, aibu na faraja kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo ilikuwa karibu.

"Kwa nini hukurudi ukaniambia?"

"Ningekuambia nini, baba? Ulikuwa bado umesimama mlangoni, unafurahi."

"Ungeniambia hivyo hivyo. Kwamba nimekata tairi."

Binti alifuta mikono yake kwenye suruali, taratibu, kila kidole.

"Na wewe," akasema, "mbona hukutuambia?"

Wembe aliuliza awaambie nini, na sauti yake mwenyewe haikumshawishi. Binti akamtajia, bila ukali: chai inayomwagwa nje ya kikombe, salamu anazopewa barabarani na asijibu mpaka asikie sauti, bisibisi anayoitafuta huku iko mbele yake. Mama nyumbani anajua. Mama wa cherehani anajua, ndiye anayempangia spana zake kila asubuhi kabla hajafika. Walikubaliana wamwache mpaka aseme mwenyewe.

Wembe akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Mwaka mzima alikuwa anawaficha watu ambao nao walikuwa wanamficha kwamba wanajua. Chini yake mafundi bomba walikuwa wanabishana kuhusu koleo.

"Ungekufa," alisema. "Usingeyaona yale maziwa, ungekufa hapa hapa, na ningekuwa nimekuua mimi. Kwa sababu ya aibu tu."

Binti hakumwambia asiseme hivyo. Alikaa karibu naye, bega kwa bega, wakatazama malori.

"Ni jicho gani?" aliuliza.

"La kushoto." Kisha, baada ya lori moja na jingine kupita, akamalizia. "Na la kulia limeanza."

Binti alitazama saa yake. Ilikuwa inakaribia saa sita na nusu. Wembe alimkumbusha daftari, akamkumbusha barua, akamwambia akimbie, yeye atashuka polepole. Binti akalifunga daftari ndani ya mkoba, akauliza kliniki ya macho pale hospitalini inafungwa saa ngapi.

"Saa tisa," Wembe akajibu, bila hata kufikiri. Alijua kwa sababu alishafika getini mara tatu mwaka huo, akasoma kibao, akageuza baiskeli akarudi kazini.