Skrini ya Rangi Iliyokosa Kompyuta

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Singida mjini alitoa stoo televisheni yake ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, akaiwasha ili aone kama bado ni nzima. Nilikuwa nimepita kuchukua chekecheke langu la unga. Kabla picha haijatokea, ilitangulia harufu: vumbi linaloungua taratibu juu ya kitu cha moto, likichanganyika na harufu ya plastiki iliyokaa sana juani. Jirani akaziba pua. Mimi nilisogea karibu nikavuta pumzi kama mtu aliyefika penye maandazi. Sikumweleza sababu, lakini nyie nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa, naishi Misigiri na shangazi Damari pamoja na bibi. Shangazi, dada yake baba, alifundisha upigaji chapa kwenye kituo kidogo cha ufundi cha wasichana. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya majengo ya kituo, kwa hiyo nilikulia katikati ya kelele mbili: cherehani zikilalamika chumba cha kwanza, na mashine za chapa zikidondosha herufi chumba cha pili kama mvua ya mawe juu ya bati. Cha tatu kilikuwa chumba cha kompyuta. Hicho hakikuwa na kelele, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Kompyuta moja ilifanya kazi. Skrini yake iliandika kwa rangi ya kijani tu, kijani juu ya giza, na wasichana walikaa foleni kuigusa. Kompyuta ya pili ilikuwa mpya zaidi lakini ilikuja bila skrini, hivyo ikabaki kipofu mezani. Kisha siku moja likaja kreti la mbao, msaada wa watu tusiowajua, lenye cherehani za mkono, mablanketi, na katikati ya mablanketi, skrini peke yake. Ilikuwa nzito, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, na ubavuni ina alama tatu ndogo: nyekundu, kijani na bluu.

"Hii ni ya rangi," shangazi alisema, na sauti yake ikashuka kama yuko kanisani. "Wasichana, hii ni ya rangi!"

Shangwe iliyopigwa siku ile ilimfanya bibi aje mbio na mwiko mkononi akidhani kuna nyoka.

Ila shangwe haikudumu. Waya wa skrini ulikuwa na plagi yenye pini tisa, zimepangwa safu mbili. Kompyuta ile kipofu ilikuwa na tundu la safu tatu, lenye nafasi nyingi zaidi na ndogo zaidi. Shangazi aliijaribu plagi hivi, akaigeuza vile. Haikuingia. Skrini ikafunikwa na kitambaa cha kufuma cha bibi, ikakaa pale kama bibi harusi asiye na bwana.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Msengi, mwenyekiti wa kamati ya kituo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima wa alizeti mwenye jicho la kuona nafasi tupu popote ilipo. Alikuja asubuhi moja, nikampa shikamoo, akanipigapiga kichwani, kisha akasimama mlangoni kwa muda mrefu akitazama ndani.

"Mwalimu," alisema, "naona meza, naona vitambaa vizuri sana. Kazi yenyewe siioni."

"Mzee, skrini ya rangi imefika. Bado tunatafuta inakwenda na kompyuta ipi."

"Siku ya wazazi inakaribia. Kamati yote itakuwepo. Kama chumba kitakuwa kinafanya kazi, mimi mwenyewe nitakisemea. Kama sivyo, mama, alizeti ya kituo inalala nje, na hapa pana paa."

Alipoondoka shangazi alikaa chini. Hakulia. Alichukua bisibisi akaanza kuichezea vidoleni, na mimi nikajua kuna jambo.

Umeme wa kituo ulikuwa wa jenereta iliyowashwa siku chache tu; jioni ile iliwashwa, akaamua kujaribu kwenye kompyuta ya skrini ya kijani. Aliichomoa skrini yake, akatazama tundu: safu mbili, nafasi tisa. Plagi ya skrini ya rangi iliingia kwa ulaini kama mkono kwenye soksi. Wasichana wakaanza kucheka kwa furaha. Akawasha.

Skrini ilitoa mluzi. Mluzi mwembamba uliopita kwenye meno, na kwenye kioo mistari ikaanza kukimbia kwa mshazari kama mvua inayosukumwa na upepo. Halafu ikaja ile harufu. Shangazi aliruka, akang'oa waya wa umeme ukutani kwa nguvu hadi akakaa sakafuni.

Hakuna aliyecheka. "Tumeiua?" niliuliza.

"Sijui," alisema, mbele ya wanafunzi wake wote. "Kuingia imeingia, lakini si mwenzake. Kesho tutasoma kwanza."

Kusoma kwenyewe kulikuwa hivi. Asubuhi alizigeuza skrini zote mbili zikatazama ukuta, akanipa kitambaa chenye maji, nikasugua vibandiko vya nyuma hadi maandishi yakatoka. Alikuwa na msemo wake nyumbani, kwamba kitu husomwa kisogoni. Hata kopo la maziwa alilisoma nyuma kabla ya kulinunua. Nikamsomea namba kwa sauti. Skrini ya kijani ilisema kumi na nane na nukta kadhaa. Ya rangi ilisema kumi na tano na nukta zake.

"Umeona?" alisema. "Picha huchorwa mstari mmoja baada ya mwingine, haraka haraka, na hii namba ni mwendo. Ile kompyuta inakimbia kumshinda huyu. Jana tulimkimbiza mwendo asiouweza."

"Kwa hiyo tunatafuta kompyuta ya polepole?"

"Tunatafuta kompyuta inayokwenda mwendo wa televisheni. Tazama hapa." Aliweka kidole kwenye tundu moja la mviringo chini ya kibandiko, lenye pete ya chuma. "Tundu kama hili utalikuta nyuma ya deki ya video. Picha ya deki ni ya mwendo wa televisheni. Kompyuta yenye nafasi tisa, na pembeni yake tundu hili la mviringo, ndiyo yake. Sasa tutaipata wapi, Misigiri hii?"

Wapendwa, kuna dakika chache maishani ambapo ujinga wako wote wa utotoni unageuka kuwa elimu. Mimi tundu lile nilikuwa nalijua. Nililijua vizuri sana, kwa sababu nilikuwa nimelisokomeza punje ya alizeti.

Kwenye chumba cha cherehani, chini ya dirisha, kulikuwa na meza ya kupigia pasi, na ukingoni mwa uvungu wake sanduku la chuma bapa ambalo mafundi walitumia kutulizia pasi ya mkaa. Chini ya meza ile, nyuma ya sanduku, ndipo palipokuwa nyumba yangu ya kuchezea. Nilikaa humo na vipande vya vitambaa, nikitazama mgongo wa sanduku lile, nililoliita mama wa pasi, kama watoto wengine wanavyotazama ukuta wa chumba chao.

"Shangazi, mama wa pasi ana tundu hilo!"

Hakunielewa. Nilimvuta kwa kanga hadi chumba cha cherehani, nikaingia chini ya meza, naye akaingia nyuma yangu, mwalimu mzima, magoti sakafuni, na wasichana wakasimamisha cherehani zao. Pale, katikati ya nyuzi na vumbi la chokaa, palikuwa na tundu la nafasi tisa, safu mbili. Na pembeni yake, la mviringo, na punje yangu ndani.

"Bwana Yesu," shangazi alisema chini ya meza.

Ilikuja kujulikana kwamba sanduku lile lilikuwa kompyuta iliyoletwa kabla ya shangazi kuajiriwa. Waliijaribu na skrini ya kijani, herufi zikayumba kama mlevi, wakaihukumu kuwa imekufa, na fundi mmoja akaona ina kimo kizuri kwa pasi. Juu yake kulikuwa na alama za kuungua zenye umbo la mashua. Tuliifungua mchana ule. Ndani tulitoa nyuzi, vifungo, na kiota cha panya kilichojengwa kwa mabaki ya sare za shule. Punje ya alizeti aliitoa bibi kwa sindano ya kushonea, huku akiuliza kwa Kinyiramba ni nani mwenye akili ya kupanda mbegu kwenye chuma.

Kesho yake ilikuwa siku ya wazazi. Tangu alfajiri nilizunguka kituo kizima nikitangaza. Niliwaambia akina mama waliokuwa wanachambua mchele. Niliwaambia wazee waliofika na baiskeli kutoka Kinampanda. Nilimwambia hata Mzee Msengi, baada ya shikamoo: "Mzee, leo mtaona rangi. Imeshapata mwenzake. Inawaka!" Alinitazama akatabasamu, akawaita wanakamati wenzake wasogee.

Chumba kilijaa hadi watu wakachungulia madirishani. Jenereta ikakohoa, ikatulia. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la bluu. Mikono yake ilitetemeka, nami nikafikiri ni baridi ya Juni. Alisukuma plagi kwenye nafasi zake tisa, akakaza skrubu za pembeni, akaingiza diski ya kuwashia. Kisha akaniita.

"Njoo ubonyeze wewe."

Nikabonyeza. Kompyuta ikakoroma kama mzee anayeamshwa. Nikasikiliza kama kuna mluzi, haukuwepo. Kwenye kioo ukaja ukungu wa kijivu, na katikati ya ukungu herufi nyeupe, zimesimama wima, hazitikisiki. Shangazi akaandika amri, vidole vyake vikiwa vimekumbuka kazi yao, akagonga kitufe cha mwisho.

Skrini nzima ikawa bluu.

Sijui niwaelezeje sauti ya watu wale. Haikuwa vigelegele mwanzoni. Ilikuwa pumzi moja kubwa, chumba kizima. Kisha ikaja nyekundu, ndipo vigelegele vikapasuka, vikafuatiwa na njano, zambarau, na ile rangi iliyo kati ya bluu na kijani ambayo mpaka leo sina jina lake. Bibi, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, alizitaja moja moja kwa lugha yake: maua ya alizeti, nyanya, maharage mabichi, mbuzi wa jirani. Ilipotokea ya udongo, rangi ile ile ya njia zetu, alipiga makofi akasema hata huko ilikotengenezwa wanaijua Misigiri.

Mzee Msengi alisimama. Alivua kofia.

"Ndugu zangu," alisema, "alizeti tutaijengea banda."

Wasichana walimbeba shangazi juu juu hadi uwanjani, na viatu vyake vikabaki mlangoni. Mimi nilibaki na skrini, nikibadilisha rangi moja baada ya nyingine, hadi jenereta ikaishiwa mafuta. Chumba kile hakikuwahi kuwekwa gunia. Wasichana waliopita mle wametawanyika maofisini mkoa mzima, na mimi mwenyewe leo nalishwa na kazi ya kompyuta.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii nikiamini jambo moja: kwamba shangazi aliijaribu skrini usiku wa kuamkia siku ile, peke yake, akaona inawaka, ndiyo maana aliniachia nibonyeze. Nilikuwa mtu mzima, ninaye mtoto wangu mwenyewe, nilipomwambia hivyo tukiwa jikoni kwake tunamenya viazi. Alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Nijaribu na nini? Mafuta ya jenereta yalikuwa ya siku ya wazazi tu. Sikujua kama itawaka. Sikujua hata kama tuliiua siku ile ya mluzi. Nilichokuwa nacho ni yale tuliyosoma mimi na wewe nyuma ya masanduku."

Nikakumbuka mikono yake. Haikuwa baridi ya Juni.

"Sasa shangazi, kama uliogopa hivyo, kwa nini hukuahirisha?"

"Niahirishe vipi," alisema, akichukua tena kisu chake, "na wewe umeshawaambia watu wote kwamba inawaka?"