Alhamisi Tatu za Mama Spesioza

Wasomaji wenzangu, naona aibu kuliandika hili, lakini bora niliseme mwenyewe. Nilikuwa mwalimu wa kwaya hapa Kasulu parokia ilipopewa kompyuta yenye programu ya kuandikia nota. Ilikuja na printa yake na vitabu viwili vya maelekezo, vyote vya Kifaransa. Padri aliniuliza kama nakijua. Nikajibu, "Kidogo kidogo," wakati sijui hata neno moja.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika nyimbo alizotunga marehemu mume wa Mama Spesioza, mkimbizi wa kambi ya Mtabila. Hazikuwa zimeandikwa popote. Mama huyo alikimbia nazo kichwani kutoka Burundi. Kila Alhamisi alikuwa akiomba kibali cha kutoka kambini ili aje kuniimbia. Mimi nilichagua kitabu kinene zaidi, nikawa nabonyeza vitufe kwa kufuata picha zake. Hakuna nota hata moja iliyotokea.

"Bado naiandaa mashine, mama," nilimwambia, naye akarudia kuimba.

Alhamisi ya tatu alilia katikati ya wimbo. Alipotulia alikivuta kile kitabu, akasoma ukurasa mzima kwa Kifaransa kilichonyooka. Kumbe kwao alikuwa mwalimu wa shule.

"Mwalimu," alisema polepole, "hiki ni kitabu cha printa. Kifaransa unakijua kweli?"

"Sikijui, mama."

Alikifunga. "Basi hizi Alhamisi zote nilikuwa namwimbia nani?"