Mama mkwe aliponisuuzia chupa ya maabara

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii imenikuta mimi mwenyewe na siongezi chumvi.

Mimi mtoto wa Ndau, kisiwani pwani, nasoma masters ya kemia Nairobi. Natengeneza vimiminika ambavyo ndani yake fosforasi imeshikana na naitrojeni na florini. Unaanza na klorini, kisha unaing'oa na kuweka florini mahali pake. Kuandika ni rahisi. Kufanya ni kilio.

Adui yake ni maji. Unyevu kidogo tu, ile bondi ya fosforasi na naitrojeni inakatika na mvuke mkali unatoka. (Usiombe kuujua.) Ndiyo maana chupa zote hukaushwa kwenye oveni kwanza.

Sasa, mchumba wangu Zuhura ni wa Faza, jirani na kwetu. Mamake alishasema hakuna harusi mpaka nimalize masomo. Nilikuwa nimebakiza kupima kimiminika kimoja tu, kilichonitoa jasho muhula mzima.

Mama akaja Nairobi kliniki ya macho, akataka kuiona "hiyo kazi isiyokwisha". Nikamkalisha chumba cha pembeni, chupa zangu zilikokuwa zinapoa, nikaenda kuvaa koti na glavu. Niliporudi nikachukua chupa moja, nikaingia maabara peke yangu, nikamimina mzigo wote.

Moshi!

Alhamdulillah nilikuwa nafanyia ndani ya kabati la kufyonza hewa. Nikashusha kioo. Kazi yote imekwenda.

Nikatoka. Mama anatabasamu, pindo la leso yake limelowa.

"Nimekusuuzia na kukupangusia, mwanangu. Zombo hazitiwi kitu bila kusuuzwa."

Watu wa kwetu mnajua. Chombo, hata gilasi, hakitoki kabatini kikaenda kwa mgeni kabla ya kupitishwa maji. Ni heshima. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Nikamwambia, "Ahsante, Mama. Ila dawa imeharibika, itabidi nianze upya." Sikusema kwa nini.

Njia nzima hadi kituo cha basi akawa ananitazama usoni tu. Nikajua harusi nayo imekwenda.

Siku chache baadaye Zuhura akapiga simu analia. Moyo ulinipasuka. Kumbe ni kilio cha furaha, mamake amewaita kaka zake Zuhura akawaambia: "Kazi yake nimeiharibu mie, nimeona usoni mwake. Wala hakunambia. Muozeni mwanangu, masomo atamalizia ndoani."

Nimeoa, wakuu, na kimiminika bado nahangaika nacho. Nilichojifunza ni kwamba kunyamaza kwingine kunamsitiri mtu kuliko maelezo. Wenye wakwe, nyie mngemwambia sababu?