Nilivyoichoma Nyumba ya Anti Mara Mbili

Mpaka leo nikikutana na wamama wa kanisa la Anti hapa Mumbuni najifanya naongea na simu, hata ikiwa imezima, na acha niseme sababu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Mimi hupiga gitaa. Nilijifunza peke yangu, nikirudia kordi moja mpaka vidole vikachubuka, na ninachopenda ni roki ya zamani kwa sababu ya picha zake: mwimbaji wa roki hakuambii ameachwa, anakuambia nyumba inaungua, paa linadondoka kama nyota, na yeye yuko ndani anamchemshia chai yule aliyeondoka. (Hiyo chai iliniliza, sitaki maswali.)

Anti Mwikali, dadake baba, alikuwa amejenga nyumba miaka tisa, na siku ya kuibariki akanipa nafasi ya kuimba wimbo mmoja baada ya maombi. "Ukiimba vizuri, Mutua, kile chumba cha nyuma ni chako, ufundishie watu gitaa." Nilikitaka hicho chumba mpaka nikawa nakiota.

Nikauchagua ule wimbo wa chai. Sasa, ningeuimba kwa Kiingereza wangepiga makofi na kungoja pilau. Lakini mimi lazima kila kitu kiwe kamili, nikajiuliza Susu, yaani nyanya yangu, ataielewaje ile chai, nikautafsiri wimbo wote kwa Kiswahili. Na kwetu nyumba mpya inabarikiwa chumba kwa chumba, pasta na wamama wanaombea kila mlango, na neno litakalotamkwa humo siku hiyo linachukuliwa kama limepigiliwa misumari ukutani. Nilijua hayo yote (hata mlango wa choo niliwafungulia mimi), ila kichwa changu kilikuwa kwenye kordi ya F.

Nikaanza. Nyumba yangu yawaka, mpenzi, kuta zalia moshi. Sebule ikanyamaza, nami nikadhani wameguswa. Nilipofika kwenye paa kidole kikateleza, na badala ya kuachia hapo nikasema, "Samahani, wacha nianze tena," nikaiwasha nyumba upya kuanzia msingi.

"Ngai! Mungu wangu!" Susu akasimama na fimbo yake. "Nani amemtuma huyu?"

Mama mmoja akakimbia jikoni kuzima gesi.

"Susu, ni picha tu," nikasema. "Moto ni mapenzi."

"Mapenzi ya nani? Si uko ndani ya nyumba ya Mwikali?"

"Lakini sijamtaja—"

"Na paa? Mabati hata mvua haijayajua!"

Pasta akakohoa, akasema maombi yarudiwe. Yote. Kutoka geti mpaka choo, watu arobaini na njaa zao, pilau ikipoa, nami nyuma na gitaa langu kama mwizi aliyeshikwa akiwa na kuku.

Tulipofika chumba cha nyuma, Anti akanigeukia.

"Umechoma nyumba yangu mara ngapi?"

"Mbili, Anti."

"Na hiyo chai ilinywewa na nani?"

"Hakuna. Yule msichana hakurudi."

Akalitazama gitaa langu. (Mumewe aliondoka nyumba ikiwa msingi tu, na hakuna aliyethubutu kulitaja hilo siku hiyo.) "Hata mimi wangu nilimpikia wiki mbili baada ya kuondoka," akasema polepole, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na pasta akabaki amefunga macho akingoja nafasi ya kusema amina.

Chumba nilipewa, na nina furaha nacho kuliko ninavyoweza kueleza. Nimeapa sitaimba tena moto chini ya paa la mtu, na sharti la Anti ni kwamba kila wimbo naufafanua kwanza kwa Susu, picha moja moja. Juzi nilimpelekea wa mtu anayetembea juu ya bahari ya vioo.

"Amevaa viatu?" akauliza.

"Haijaandikwa, Susu."

"Basi usiuimbe mpaka ujue."

Sijauimba.