Posa Haiendi kwa Viti Viwili

Siku ya kupeleka posa kijijini Izigo, mdogo wangu alitaka twende na gari lake la spoti, jekundu la zamani, lenye viti viwili. Mimi, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote huishia sokoni Bukoba, nilitoa pikapu yangu mpya.

“Kaka, hilo la kubebea ndizi litatuaibisha ukweni.”

“Na rubisi utaipakata?”

Akajaribu kupakia mwenyewe. Mkungu mmoja ukajaza kiti, madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, yakagoma kuingia. Kwetu, bila rubisi mazungumzo ya posa hayaanzi. Akapanda pikapu, kanuna.

Baba wa binti alichungulia kwanza nyuma ya pikapu. Aliporidhika ndipo akauliza, “Haya, muoaji ni yupi?”

Mdogo wangu akanyoosha mkono, suti imejaa utomvu wa ndizi.