Piano Iliyoondoka Mama Akiwa Eda

Nimesimama dukani Kariakoo nanunua kafuri ya maiti, na harufu yake imenirudisha siku baba zangu wadogo walipoichukua piano.

Tulikuwa tumemzika baba juzi yake tu. Yeye ndiye aliyemfundisha mama kuipiga. Sasa mama alikuwa amekaa eda, haruhusiwi kuvuka mlango. Wakaishusha ngazi kama jeneza la pili, wakaipakia kwenye mkokoteni. Mama akakimbia hadi kizingitini.

"Wifi, eda hiyo!" Shangazi akamdaka mkono. "Unataka kumwaibisha marehemu kwa ajili ya sanduku la muziki?"

Mama hakuvuka. Alisimama pale mpaka mkokoteni ukapotelea upande wa Msimbazi.

Kisha akanipakata, akaanza kunipigia mgongoni, kwa vidole vyote kumi, kile kipande cha piano alichokipenda baba.

"Aliyekitunga alikuwa mpiga piano wa Ulaya, zamani sana," aliniambia. "Kifua kikuu kilimuua ugenini. Mwili wakauzika huko huko, moyo wakaurudisha kwao."

"Na wako, mama, uko wapi?"

Alizidi kubonyeza, kwa nguvu, hadi nikaumia. Sikumwambia aache.

"Pole, dada," muuzaji ananiambia, akiifunga kafuri kwenye gazeti. "Umefiwa na nani?"

"Mama," namjibu, na mgongo unaanza kuniuma pale pale, kidole baada ya kidole.